Kompyuta Ikikataa Kuwaka, Usikubali Haraka Kuwekewa Windows Mpya

Wasomaji wetu kadhaa wamekuwa wakituuliza la kufanya kompyuta ya nyumbani inapokataa kuwaka, au inapowaka nusu halafu ikakwama. Swali hili limekuja wakati wake. Siku hizi kompyuta, au tarakilishi kama watoto wanavyoiita shuleni, haiko ofisini peke yake. Iko sebuleni, imefunikwa kitambaa kuzuia vumbi, na ndani yake mna daftari la chama, barua za kuomba msaada wa karo, picha za mazishi ya babu na kazi ya mtoto aliye chuoni. Mashine yenyewe huenda ilinunuliwa mtumba kwa bei ya mbuzi wawili. Hivyo vilivyomo ndani ndivyo vyenye thamani.

Kwa sababu hiyo tungependa kuanza na onyo kabla ya maelezo. Katika vibanda vingi vya kutengenezea kompyuta, dawa ya kwanza ni ile ile: "Windows imeharibika, tutaweka mpya." Kuweka Windows mpya mara nyingi maana yake ni kufuta diski yote kwanza, yaani kufomati. Ni kazi ya saa moja au mbili, haihitaji kufikiri sana, na wakati mwingine kweli kompyuta huamka. Lakini mara kwa mara ugonjwa ulikuwa mahali pengine kabisa, pengine ni waya uliolegea tu, na faili zimekwenda bure.

Kuna kikundi kimoja cha akina mama tunachokifahamu, ambacho mweka hazina wake alikuwa akiandika mikopo yote katika kompyuta ya mwanawe. Asubuhi moja skrini ilikuwa nyeusi, na maandishi meupe ya Kiingereza yakisema hakuna kifaa cha kuanzia. Kompyuta ikapelekwa kwa fundi sokoni. Akaweka Windows mpya, akalipwa, mashine ikarudi nyumbani ikiwa safi. Safi mno, kwa maana rekodi za mikopo za miaka mitatu hazikuwemo. Mwezi uliofuata maandishi yale yale yakatokea tena, na safari hii kijana akaona kwamba kuna flashi imesahauliwa nyuma ya kompyuta. Akaichomoa, kompyuta ikawaka. Kumbe ni hicho tu. Wakati huo akina mama walikuwa wamekwisha kukaa vikao vinne wakibishana nani amelipa na nani bado, na wawili walikuwa wametoka kwenye kikundi, mmoja wao akidaiwa pesa ambazo alikuwa na hakika amemaliza kulipa.

Ni vizuri ieleweke kwamba kompyuta haiamki mara moja. Huamka kwa hatua. Kwanza stima inaingia kwenye kisanduku cha chuma ambacho mafundi hukiita pawa saplai, na kisanduku hicho huipunguza stima ya ukutani ya volti 240 ikawa volti 12, 5 na 3.3. Halafu programu ndogo inayokaa kwenye ubao mkuu, ule wanaouita mazabodi, inakagua vyombo: kumbukumbu ipo? Kibodi ipo? Skrini ipo? Programu hiyo inajulikana kwa jina la BIOS. Ikimaliza kukagua inatafuta diski yenye Windows, na hapo ndipo Windows yenyewe huanza.

Basi Windows ni hatua ya nne. Kompyuta iliyokwama kwenye hatua ya kwanza au ya pili haijafika kwenye Windows kabisa, na mtu anayekwambia ati Windows ndiyo mgonjwa anatibu mguu wakati kinachouma ni jino. Kazi yako nyumbani ni kujua imekwama wapi.

Ukibonyeza swichi na hakuna taa, hakuna feni, hakuna mlio wowote, tafuta stima kabla ya kutafuta jambo lingine. Chomoa kompyuta, halafu chomeka taa ya mezani kwenye soketi ile ile. Jaribu bila ekstensheni, maana zile za bei rahisi hulegea ndani upesi. Plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi. Nyingine hufunguliwa kwa bisibisi, nyingine zina kifuniko kidogo kati ya miguu. Fyuzi ikiwa imeungua weka nyingine ya kiwango kile kile kilichoandikwa juu yake. Usifunge waya wala karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi, hata kama jirani amefanya hivyo miaka kumi na nyumba yake bado imesimama.

Nyuma ya kompyuta ya mezani, karibu na mahali waya wa stima unapoingia, kuna swichi ndogo ambayo huzimwa bila kujua na anayefagia. Iangalie. Mashine za zamani za mtumba, hasa zilizotoka Marekani ambako stima ya nyumbani ni volti 120, zinaweza kuwa na swichi nyingine nyekundu iliyoandikwa 115 na 230. Hapa kwetu lazima ionyeshe 230. Ikiachwa kwenye 115 kisha ikachomekwa kwenye stima yetu, kisanduku huungua kwa kishindo na moshi, na hapo ni kununua kingine.

Halafu kuna haya mambo ya stima kupotea na kurudi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na sehemu nyingine zilikaa hivyo mpaka kesho yake. Huko vijijini hatuhitaji usiku kama huo ili kujua habari hizi; mvua ikinyesha kidogo tu tunawasha koroboi. Stima ikirudi inaweza kuja kwa nguvu ya ghafula, na kompyuta iliyoachwa imechomekwa ndiyo hupata pigo. Mara nyingine pawa saplai hujifunga yenyewe ili isiungue, na mashine huonekana kama imekufa. Chomoa waya ukutani, bonyeza swichi ya kuwashia uishikilie kwa nusu dakika ili stima iliyobaki ndani iishe, ngoja dakika chache, kisha chomeka tena. Kwa kompyuta ya kupakata, chomoa chaja, toa betri kama ni ya kutoka, shikilia swichi vivyo hivyo, halafu iwashe kwa chaja peke yake. Jambo hili haligharimu kitu, nasi tumeliona likifufua mashine ambazo zilikuwa zimekwisha kuandikiwa bei ya vipuri.

Kisanduku chenyewe cha pawa saplai usikifungue kamwe. Ndani yake mna vyombo vinavyoitwa kapasita ambavyo huweka stima hata baada ya plagi kuchomolewa, na stima hiyo inaweza kuua mtu. Fundi mwenye akili hukibadilisha kizima.

Sasa tuseme stima ipo. Taa imewaka, feni inazunguka, lakini skrini ni nyeusi tii. Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa, na hapa ndipo mara nyingi dawa ni rahisi. Hakikisha monita ina stima yake na taa yake imewaka. Sukuma waya unaotoka kwenye monita kwenda kwenye kompyuta, pande zote mbili, mpaka ukae vizuri. Kompyuta nyingine zina mahali pawili pa kuchomeka waya huo, pamoja pa ubao mkuu na pengine pa kadi ya picha iliyo chini yake, na ukichomeka pa kwanza wakati kadi ipo, huenda usione kitu. Jaribu pengine.

Ikiwa bado, sikiliza. Kompyuta nyingine hulia pii, pii, kwa idadi fulani, na nyingine humulika taa ndogo mara kadhaa. Huo ni ujumbe wa BIOS unaotaja chombo kilichokosekana. Kila kampuni ina hesabu yake, kwa hiyo usimsikilize anayesema milio mitatu maana yake ni kitu kimoja kila mahali. Hesabu, andika, na uandike pia jina na modeli ya kompyuta iliyobandikwa kwenye sanduku. Ukiwa na simu yenye intaneti, au ukimwomba kijana wa saiba, maana ya milio hiyo kwa modeli yako hupatikana kwa dakika chache.

Mara nyingi ujumbe huo huhusu RAM, yaani kumbukumbu ya muda. Ni kijiti chembamba cha rangi ya kijani au nyeusi, chenye mstari wa meno ya dhahabu, kilichosimama kwenye ubao mkuu na kushikwa na vibanio. Katika nyumba zetu zenye vumbi la barabara na unyevu wa masika, meno hayo hupata utando mwembamba yakaacha kugusana vizuri na ubao. Zima kompyuta, chomoa plagi, fungua ubavu wa sanduku, na uguse kwanza chuma cha sanduku ili umeme wa mwilini usiunguze vyombo. Sukuma vibanio nje, inua kijiti kwa kushika kingo zake, pangusa meno polepole kwa kitambaa kikavu kisichotoa nyuzi. Wengine hutumia raba safi ya kufutia penseli, nayo hufaa kama hutakandamiza. Kukirudisha, angalia ile pengo iliyo katikati ya meno ilingane na ya ubao, kisha bonyeza pande zote mbili mpaka usikie vibanio vikifunga, ka! Kama kuna vijiti viwili, jaribu kwa kimoja, halafu kingine peke yake. Kompyuta ikiwaka kwa kimoja na kukataa kwa kingine, umempata mgonjwa, na diski yako haijaguswa.

Sanduku likiwa wazi, ondoa vumbi kwa brashi laini, ukishika feni kwa kidole isizunguke. Tazama pia vile vimtungi vidogo vilivyosimama kwenye ubao. Vikiwa vimevimba kichwani au vinatoa maji ya kahawia, ubao umezeeka, na hilo ni la fundi.

Betri ya saa nayo husumbua wengi bure. Ni ya mviringo kama sarafu, imeandikwa CR2032, ya volti 3, na huuzwa kwenye maduka ya saa kwa bei ndogo. Hiyo ndiyo hukumbusha BIOS tarehe na mipangilio wakati plagi imechomolewa. Ikiisha, utaona saa ya kompyuta imerudi nyuma miaka mingi kila asubuhi, au kompyuta inasimama ikikuomba ubonyeze F1 ndipo iendelee. Intaneti nayo hukataa kufungua kurasa kwa sababu tarehe haipatani. Watu wamefuta diski nzima kwa ajili ya betri hii.

Tukija kwenye hatua ya tatu, yale maandishi meupe ya kukosa kifaa cha kuanzia, jambo la kwanza ni lile la akina mama wetu: chomoa kila flashi, kila kadi ya kamera, na toa sidii kama imo. Washa tena. Ikikataa, ingia kwenye BIOS kwa kubonyeza F2 au Delete mara mashine inapowaka, uone kama diski imeorodheshwa. Ikiwa imeorodheshwa, huenda ni mpangilio tu uliobadilika. Isipoonekana, zima, chomoa, na usukume vizuri waya mbili zinazoingia kwenye diski. Lakini ukisikia diski ikigonga, ta, ta, ta, zima mara moja na usiwashe tena kwa kujaribu. Diski za aina ya zamani zina sahani zinazozunguka na sindano inayosoma juu yake, na kila unapowasha unaweza kuikwaruza sahani zaidi. Hapo faili bado zaweza kuokolewa na mtu mwenye vyombo maalumu, kwa gharama kubwa. Usipoteze nafasi hiyo kwa majaribio.

Ikiwa alama ya Windows imetokea, halafu inazunguka bila mwisho, au skrini inageuka ya buluu na kompyuta inajiwasha upya, sasa ndiyo tuko kwenye Windows. Hata hapa faili zako kwa kawaida ziko salama. Tarehe 19 Julai 2024 kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani zilikwama kwenye skrini ya buluu kwa siku moja, kwenye viwanja vya ndege, mabenki na hospitali, kwa sababu ya sasisho moja mbovu la kampuni ya usalama ya Marekani iitwayo CrowdStrike. Hakuna aliyehitaji kufuta diski. Mafundi waliziwasha katika hali ya tahadhari, wakafuta faili moja, zikaendelea na kazi.

Hali hiyo ya tahadhari, ambayo kwenye skrini huandikwa Safe Mode, hata wewe unaweza kuifikia. Windows 10 na 11 zikishindwa kuanza mara mbili au tatu mfululizo huleta zenyewe skrini ya matengenezo. Chagua Troubleshoot, kisha Advanced options, kisha Startup Settings, kisha Restart, halafu bonyeza 4. Ikiwaka hivyo, nakili kwanza faili zako kwenye flashi, kisha ondoa programu uliyoweka siku za karibuni. Kwenye skrini hiyo hiyo kuna System Restore, ambayo hurudisha mipangilio ya siku za nyuma bila kugusa barua na picha zako. Kaa mbali na panapoandikwa Remove everything.

Kompyuta nyingi mpya zimefunga diski yake kwa kufuli ya siri, na ukigusa mipangilio ya BIOS zitakudai ufunguo wa tarakimu 48. Ufunguo huo kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft ya mtu aliyeiwasha kompyuta mara ya kwanza. Uandike kwenye karatasi leo, wakati mashine ni nzima, na karatasi ikae pamoja na hati ya shamba. Tukiwa hapo, mtu asikwambie kompyuta yako imekataa kuwaka kwa sababu Windows yake imepitwa na wakati. Ni kweli Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na hilo linahusu usalama kwenye intaneti, lakini kompyuta zenyewe zinaendelea kuwaka.

Kama Safe Mode nayo imekataa, bado kuna njia ya kutoa faili, na njia hii tungependa kila kikundi kiwe na mtu mmoja anayeijua. Chukua flashi tupu ya gigabaiti 8 au zaidi. Kwenye kompyuta nyingine, au kwa saiba, pakua Ubuntu, ambayo ni mfumo wa bure unaofanya kazi kama Windows, na uiandike kwenye flashi kwa programu iitwayo Rufus. Chochote kilichokuwa kwenye flashi kitafutika. Ichomeke kwenye kompyuta mgonjwa, iwashe, na mara moja bonyeza kitufe cha kuchagua pa kuanzia: ni F12 kwenye Dell na Lenovo nyingi, F9 kwenye HP nyingi. Chagua flashi. Ubuntu itauliza kama unataka kuijaribu au kuiweka. Chagua kujaribu, Try. Ukichagua kuiweka unaweza kufuta kile kile unachokuja kuokoa. Baada ya muda utaona meza ya kazi, na ndani yake diski yako, na ndani ya folda ya Users jina lako na faili zako. Chomeka flashi ya pili au diski ya nje, nakili, hakikisha zinafunguka. Kama diski ina ile kufuli tuliyoitaja, utaombwa ufunguo.

Zikishapatikana nakala, fundi anaweza kufuta na kuweka anavyotaka.

Kwa kwenda kwa fundi, andika kwenye karatasi yale uliyoona: taa ipo au haipo, milio mingapi, maandishi gani kwenye skrini, stima ilipotea lini. Ukiweza piga picha ya skrini kwa simu. Mwambie wazi, mbele ya mtu mwingine, kwamba diski isifutwe bila wewe kupigiwa simu, na uliandike hilo kwenye risiti. Mweka hazina ana sababu ya zaidi. Majina, nambari za vitambulisho na simu za wanachama zimo humo, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeweka habari za watu azilinde.

Na ikiwa umeona wazi kwamba ugonjwa uko kwenye hatua ya kwanza au ya pili, yaani stima, skrini au RAM, diski haina haja ya kusafiri. Kwenye kompyuta ya mezani hushikwa na bisi nne na waya mbili. Itoe, ifunge kwenye kitambaa kikavu, iweke kabatini, na upeleke sanduku bila diski. Fundi akikwasha mashine ikafika mahali inapolalamika kwamba hakuna kifaa cha kuanzia, amemaliza kazi yake, mlipe.